Sanamu za Hummel Kutoka Minada ya Mtandaoni: Dalili za Matatizo na Vyanzo Vyake

Sanamu ndogo za Hummel, zile za watoto wa vijijini wenye mashavu mekundu, wakiwa na mwavuli, kikapu au bata bukini, zilianza kuuzwa mwaka 1935 na kiwanda cha W. Goebel, karibu na Coburg nchini Ujerumani, katika mji ambao leo unaitwa Rödental. Zilifinyangwa kwa kufuata michoro ya Maria Innocentia Hummel, mtawa wa Kifransisko. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ujerumani walizinunua kwa wingi na kuzipeleka kwao, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya zinazopigwa mnada mtandaoni leo hutoka katika makabati ya wazee wa Marekani na Ujerumani, zikiuzwa na warithi ambao hawajawahi kuzichunguza. Ni vyema mnunuzi akumbuke jambo hili, kwa kuwa muuzaji anayeandika kwamba sanamu haina kasoro mara nyingi hadanganyi. Ameitazama kwa dakika moja tu na hajui aangalie wapi.

Katika karibu kila tatizo lililoelezwa hapa, swali la kwanza ni lile lile: kasoro hii ilitokea lini? Ikiwa ilikuwepo kabla ya tangazo kuwekwa, mwenye kujibu ni muuzaji. Ikiwa ilitokea wakati wa kufungasha, ni yeye pia, ingawa ushahidi wake ni tofauti. Ikiwa ilitokea safarini, suala la bima linaingia, na ikiwa ilitokea mikononi mwa mnunuzi wakati wa kufungua, hakuna wa kumdai. Kwa hiyo, mpaka jibu lipatikane, usigandishe kitu kwa gundi, usioshe sanamu, na usitupe boksi wala karatasi zilizotumika kufungashia.

Sanamu imefika ikiwa imevunjika

Anza kwa kutafuta vipande. Fungua kila karatasi na kila mkunjo wa nailoni ya mapovu juu ya taulo au shuka la rangi ya giza, maana kidole cha sanamu ya sentimita kumi hakizidi punje ya mchele na hupotea kwa urahisi. Kama kipande kilichokatika kimo ndani ya karatasi zilizozunguka sanamu, basi ilivunjika baada ya kufungwa, yaani safarini. Kama hakimo popote, kuna uwezekano mkubwa kwamba sanamu ilifungwa ikiwa tayari ina pengo, hata kama muuzaji anaapa kwamba aliituma ikiwa nzima.

Kisha tazama uso wa mahali palipokatika, kwa mwanga mkali na kioo cha kukuzia. Sanamu za Hummel hutengenezwa kwa udongo laini wa kauri, si kwa kauri ngumu kama ile ya Meissen, kiwanda kingine cha Ujerumani, na mvunjiko mpya huonekana mweupe, mkavu na wenye kingo kali. Mvunjiko wa zamani huwa wa kijivu kwa vumbi na mafuta ya vidole, na kingo zake huwa zimelainika. Ukiona alama ya njano inayong'aa kama utomvu uliokauka, hiyo ni gundi: sanamu iliwahi kuvunjika miaka mingi iliyopita, ikaunganishwa, na msukosuko wa safari umeiachanisha tena. Hali hii ya tatu huwachanganya wengi, kwa sababu kipande kimo ndani ya boksi kama ilivyo kwa mvunjiko wa safarini, lakini asili ya tatizo iko nyuma kabisa. Picha ya karibu ya gundi hiyo inatosha kumaliza ubishi.

Boksi nalo lina ushahidi wake. Kona iliyobonyea inaonyesha kwamba mzigo uliangushwa au ulikaliwa na mzigo mwingine. Boksi zima lisilo na mkwaruzo, huku sanamu ndani yake ikiwa imekatika shingo, linaonyesha kwamba kilichokuwa ndani kilikuwa kikicheza. Punje za povu hushuka na kujipanga kadiri gari linavyotikisika, na boksi lililoonekana kujaa siku ya kufungwa huwa na nafasi tupu juu siku ya kufika. Upo pia uharibifu wa kinyume chake, wa kufunga kwa kubana mno: muuzaji huzungusha nailoni ya mapovu na kuikaza kwa utepe wa gundi mpaka mkono ulionyooka wa sanamu unakandamizwa kuelekea mwilini. Kauri hustahimili vizuri kugandamizwa, lakini haistahimili kupindwa, na sehemu zilizochomoza huachia pale zilipoungwa. Ikumbukwe kwamba sanamu hizi hazitoki katika kalibu moja. Kichwa, mikono na vitu vinavyobebwa humiminwa kila kimoja peke yake na kuunganishwa kwa udongo wa majimaji kabla ya kuchomwa tanuruni, na viungo hivyo ndivyo vya kwanza kuachia. Mwavuli wa HUM 152 (HUM ni namba ya umbo la sanamu, iliyoandikwa kitakoni), shingo za bata bukini wa HUM 47 na ukingo wa kofia katika sanamu yoyote ile ni sehemu za kukaguliwa kabla ya nyingine zote.

Tiba ya tatizo hili iko kabla ya kuweka dau. Mwandikie muuzaji na umuulize atafungashaje, na ikiwa hana jibu, mweleze kwa ustaarabu: sanamu izungushiwe kwanza karatasi laini isiyo na wino, nafasi kati ya mikono na mwili zijazwe karatasi hiyo hiyo, ndipo ifuate nailoni ya mapovu bila kukazwa, iwekwe katika boksi dogo, na boksi hilo liwekwe ndani ya jingine kubwa zaidi lenye walau sentimita tano za kijazio kila upande. Boksi halisi la kiwanda ni zuri kwa mkusanyaji, lakini si boksi la kusafirishia, na muuzaji anayebandika anwani moja kwa moja juu yake ameharibu vitu viwili kwa mpigo. Maandishi ya kuonya kwamba mzigo ni wa kuvunjika hayana madhara, ila mashine za kupangia mizigo hazisomi. Muuzaji anayekasirishwa na maswali haya amekusaidia kuamua.

Sanamu ni nzima lakini rangi au mng'ao hauko sawa

Tatizo hili ni gumu kuliko la kuvunjika, kwa sababu halionekani siku ya kwanza. Sanamu inakaa kabatini wiki mbili, kisha mwanga wa jua la jioni unaipiga kwa pembeni na mwenyewe anagundua kwamba shavu moja linang'aa kuliko jingine, au kwamba shingo ina mstari ambapo rangi ya ngozi inabadilika kidogo. Karibu kila mara chanzo chake ni marekebisho: mahali palipovunjika pamegandishwa, pakajazwa, pakapakwa rangi na vanishi.

Chombo bora cha uchunguzi ni taa ya urujuanimno, ile ile inayotumika madukani na benki kukagua noti bandia. Zima taa za chumba na upitishe mwanga huo taratibu. Rangi na gundi za kisasa mara nyingi humulika tofauti na kauri inayozizunguka, zikaonekana kama doa jeupe, la kibuluu au la njano katikati ya eneo lililofifia. Hata hivyo, zipo dawa za mafundi wa kisasa zisizomulika hata kidogo, kwa hiyo ukimya wa taa si cheti cha usafi. Tumia pia kidole: kauri iliyochomwa huwa baridi na ngumu, ilhali sehemu iliyojazwa plastiki huhisi joto na ulaini kidogo. Kugonga taratibu kwa ukucha husaidia kwa sanamu yenye uwazi ndani, kwani isiyo na ufa hutoa mlio wa wazi na yenye ufa hutoa mlio uliofifia, ingawa kipimo hiki kinahitaji sikio lililozoea na mimi binafsi sikitegemei peke yake.

Kuna watu wanaoshauri kusugua kwa asitoni, kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha, au kuchoma kwa ncha ya pini ili kuona kama rangi inalainika. Vipimo hivyo hufanya kazi, na hilo ndilo tatizo lake: vinaharibu kitu ambacho huenda kesho utatakiwa kukirudisha kwa muuzaji katika hali uliyokipokea.

Usichanganye marekebisho na tundu la kiwandani. Chini ya sanamu, au mahali palipojificha mgongoni, mara nyingi kuna tundu dogo la duara lenye kingo laini. Liliwekwa makusudi ili hewa ya moto ipate kutoka wakati wa kuchomwa, na bila hilo sanamu ingepasuka tanuruni. Wapo wanunuzi waliofungua madai kwa sababu ya tundu hilo na wakashindwa. Athari yake pekee ni kwamba maji huingia humo, kwa hiyo sanamu ifutwe kwa kitambaa kibichi na isitumbukizwe kamwe.

Mistari myembamba kama utando wa buibui

Mistari hiyo imo katika tabaka la kioo linalofunika udongo, si katika udongo wenyewe. Hutokea kwa sababu udongo na tabaka hilo havitanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja. Kadiri miaka inavyopita na udongo unavyofyonza unyevu, tabaka la juu huvutwa mpaka likapasuka. Sanamu za Hummel za zamani zinayo sana, na kwa kuwa kamera za simu hulainisha picha, mistari hiyo hupotea kabisa katika tangazo.

Je, ilikuwepo kabla? Kama mistari ina rangi ya kahawia, ni ya muda mrefu, kwa sababu uchafu umechukua miaka kuingia ndani yake. Kama haina rangi, na inaonekana tu sanamu inapoelekezwa kwenye mwanga, inaweza kuwa ya karibuni, na mabadiliko ya ghafla ya joto ni mshukiwa wa kwanza. Boksi lililolala usiku wa baridi kali katika ghala la Minnesota au Bavaria, kisha likafunguliwa katika sebule yenye joto, linaiweka sanamu katika msukosuko usio wa lazima. Liache boksi limefungwa ndani ya nyumba kwa saa kadhaa kabla ya kulifungua.

Ikiwa tangazo lilisema wazi kwamba hakuna mistari, una hoja. Ikiwa tangazo lilikaa kimya na wewe hukuuliza, hoja yako ni dhaifu, hata kama sheria za jukwaa la mnada zinakuruhusu kulalamika.

Si Hummel, au si ya miaka iliyotajwa

Geuza sanamu chini juu. Kwanza tafuta sahihi ya M.I. Hummel, iliyochorwa kwa kuzama katika udongo, kwa kawaida juu ya kitako au pembeni yake. Goebel walitengeneza sanamu nyingi ambazo hazikutokana na michoro ya mtawa huyo, zikapigwa muhuri ule ule wa kiwanda, na wauzaji wengi huziita zote Hummel kwa nia njema kabisa. Muhuri wa Goebel bila sahihi ni dalili ya kusimama na kuuliza, ingawa kwenye sanamu ndogo sana sahihi huweza kukosekana kwa kukosa nafasi.

Pili, soma muhuri. Taji ni la tangu 1935 hadi mwisho wa miaka ya 1940. Nyuki mkubwa aliye ndani ya herufi V alitumika zaidi katika miaka ya 1950, na akawa anapungua ukubwa na kushuka ndani ya herufi hiyo mpaka mwisho wa muongo huo alipobadilishwa kuwa alama tupu ya duara na pembetatu. Mwaka 1972 jina la Goebel likaandikwa kwa herufi kubwa na nyuki juu yake. Mwaka 1979 nyuki akaondolewa na likabaki jina peke yake pamoja na maneno W. Germany, mpaka 1991, Ujerumani mbili zilipokuwa zimekwisha kuungana. Goebel waliacha kutengeneza sanamu hizi mwaka 2008, na kampuni nyingine ya huko huko Rödental ikaendelea nazo kuanzia 2009.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la mwaka uliochimbwa kitakoni. Sanamu inaonyesha 1957, na tangazo linasema ilitengenezwa 1957. Mwaka huo ni wa hakimiliki ya kalibu, na kalibu moja iliweza kutumika kwa miongo kadhaa. Sanamu yenye mwaka 1957 na muhuri wa jina la Goebel usio na nyuki juu yake ni ya 1979 au baadaye, na bei yake ni ya wakati huo. Muuzaji huwa hajui. Mwonyeshe muhuri, na mara nyingi atakubali.

Zipo pia za kuiga, hasa zile zilizotoka Japani baada ya vita. Zilizotengenezwa wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa majeshi ya Washirika, kati ya 1945 na 1952, baadhi yake hubeba maandishi ya Occupied Japan (Japani iliyokaliwa) na zina wakusanyaji wake. Tangazo likisema sanamu ni ya mtindo wa Hummel au inafanana na Hummel, muuzaji amesema ukweli na mnunuzi hana madai.

Ni ndogo kuliko ilivyoonekana

Picha isiyo na rula haina kipimo. Namba baada ya mkwaju ndiyo inayosema ukubwa: mvulana aliye juu ya mtofaa, HUM 142, akiwa 142/3/0 ana urefu wa sentimita kumi hivi, akiwa 142/I ana kumi na tano, na akiwa 142/V anafika ishirini na tano. Ukiona 142 peke yake katika kichwa cha tangazo, omba picha ya kitako.

Bei ilipaa sekunde za mwisho, au ilionekana nafuu kisha ikawa ghali

Katika eBay na majukwaa yanayofanana nayo, mnunuzi huweka kiwango chake cha juu kabisa na mfumo unampandishia dau kidogo kidogo kadiri wengine wanavyoshindana. Anayeona amepitwa sekunde tatu kabla ya mwisho kwa kawaida hajaonewa; wenzake wamengoja ili wasichochee ushindani, na kiwango chao kilikuwa juu kuliko chake. Weka kiwango unachokubali kweli, ukihesabu nauli ndani yake, kisha ondoka. Dalili ya kutilia shaka ni mshindani yule yule anayeonekana katika minada mingi ya muuzaji mmoja, akipandisha bei na kutoshinda kamwe. Hilo lipelekwe kwa jukwaa lenyewe.

Ukishindwa, kisha ukapata barua pepe inayosema mshindi amejiondoa na kwamba ulipe kwa njia ya kutuma fedha moja kwa moja, usilipe. Nafasi halisi ya pili huonekana ndani ya akaunti yako kwenye jukwaa.

Kuhusu thamani, vitabu vya bei vya miaka ya 1970 na 1980, enzi ambazo klabu ya wakusanyaji ya Goebel ilianzishwa Marekani (1977), vinataja bei ambazo soko la leo halizilipi kwa sanamu za kawaida. Kizazi kilichokusanya kinaaga, warithi wanauza, na wanunuzi ni wachache. Tafuta bei za sanamu zilizokwisha kuuzwa, maana bei zinazoombwa ni matumaini ya muuzaji tu. Na kwa kuwa nauli ya boksi ndani ya boksi kutoka Ohio hadi Mombasa huweza kuzidi bei ya sanamu mara kadhaa, ni busara kununua tatu au nne kwa muuzaji mmoja na kumwomba azitume pamoja, kila moja ikiwa na boksi lake la ndani.

Mzigo umekwama, au wakala ameuvunja

Wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki hutumia anwani ya wakala wa mizigo aliyeko Marekani, Uingereza au Dubai. Njia hii ni nafuu, lakini ina gharama isiyoandikwa: ulinzi wa mnunuzi wa eBay hauhusu mzigo uliotumwa tena kwenda anwani nyingine baada ya kufikishwa mara ya kwanza. Wakala akiunganisha mizigo na kuweka sanamu chini ya betri ya gari, muuzaji hana kosa na jukwaa halitaingilia. Anayetumia wakala amlipe ili afungue na kupiga picha sanamu siku inapofika kwake, kabla ya kuisafirisha. Picha hizo zinatenganisha safari ya kwanza na ya pili, na muda wa kudai bado unakuwepo.

Mzigo uliokwama forodhani mara nyingi unasubiri malipo au karatasi. Tanzania kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16, na hukokotolewa juu ya bei, nauli, bima na ushuru wa forodha kwa pamoja, kwa hiyo ankara ya muuzaji iwe ya bei halisi. Kumwomba aandike thamani ndogo ni kosa la kisheria, na bima nayo italipa kile kilichoandikwa. Walioko Umoja wa Ulaya hulipa kodi hiyo kwa kila kinachotoka nje ya Umoja tangu Julai 2021, hata kiwe cha bei ndogo kiasi gani; msomaji aliyeko Ujerumani atapata unafuu zaidi akinunua humo humo, na pengine akafuata sanamu mwenyewe kwa treni.

Muuzaji hajibu, au anataka kurudisha nusu

Kwenye eBay, mnunuzi aliyepokea kitu kisicholingana na tangazo ana siku 30 tangu siku ya kupokea kufungua madai, na muuzaji ana siku tatu za kazi kujibu kabla jukwaa halijaombwa kuamua. Aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 tangu malipo. Fungua madai ndani ya mfumo hata kama muuzaji ni mpole na anaahidi kumaliza mambo kwa simu, kwa kuwa ahadi ya nje haisimamishi kalenda. Ambatanisha picha ya boksi pande zote, picha ya kijazio, picha ya mvunjiko kwa karibu, na picha ya tangazo lenyewe, ambalo huweza kubadilishwa au kutoweka.

Nusu ya fedha inafaa pale kasoro ni ndogo na sanamu ni adimu, lakini kwa kawaida ukishaikubali, madai hufungwa na hayafunguliwi tena kwa kasoro nyingine utakayoiona baadaye. Kwa hiyo pitisha taa ya urujuanimno kabla ya kujibu. Muuzaji akikurudishia zote na kukuachia vipande, viunge kwa Paraloid B-72, gundi ya akriliki inayotumiwa na wahifadhi wa makumbusho, ambayo huweza kuyeyushwa tena kwa asitoni kiungo kikikaa vibaya. Gundi za papo kwa hapo za dukani hazitoi nafasi ya pili ya kupanga vipande. Ukija kuiuza sanamu hiyo, piga picha ya kiungo kwa karibu na uiweke ya kwanza katika tangazo.